Barua ya wazi kwa wakurugenzi wetu: roboti imechukua maboksi mepesi, kiwango cha kazi kimebaki kilekile

KWA: Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi, Mkurugenzi wa Uendeshaji na Meneja wa Kituo

YAH: MGAWANYO WA KAZI KATI YA ROBOTI NA WAFANYAKAZI WA KUPANGA VIFURUSHI

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni wafanyakazi wa kituo chenu cha kupanga vifurushi hapa Ohio. Tunashusha mizigo kwenye matrela, tunaiweka kwenye mikanda, na tunashughulikia vifurushi vyote ambavyo mashine imeshindwa kuvitambua. Wengi wetu tulizaliwa Kivu na Katanga, wengine Burundi, Rwanda, Tanzania na Kenya, na lugha inayotuunganisha kazini ni Kiswahili. Kwa sababu hiyo barua hii tumeiandika kwa Kiswahili, ili kila mwenzetu aisome na kuikubali mstari kwa mstari kabla haijawafikia. Nakala ya Kiingereza mtakabidhiwa pamoja nayo.

Hatukuanzia hadharani. Tulizungumza na wasimamizi wa zamu, tukajaza fomu za maoni, tukaandika kwa idara ya rasilimali watu, na tukapewa kikao kimoja ambacho mkalimani alikuwa kwenye simu na sauti yake ilimezwa na kelele za mikanda. Jibu tulilopata kila mara ni kwamba suala limepelekwa ngazi ya juu. Ngazi ya juu ni ninyi, kwa hiyo tunawaandikia ninyi, na tunaandika mahali ambapo ndugu zetu walioko kwenye maghala ya Louisville, Des Moines na Dallas wanaweza kusoma, kwa kuwa mashine hizi ama zimekwisha kuingia kwao au ziko njiani. Sheria ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 1935 inawapa wafanyakazi wa nchi hii haki ya kuzungumza pamoja kuhusu masharti ya kazi yao hata kama hawana chama, na hicho ndicho tunachokifanya hapa.

Kabla ya malalamiko, tuseme tusilolalamikia. Hatuipingi roboti. Aliyewahi kushusha trela la futi 53 mwezi wa Julai, lililoshinda juani likiwa limefungwa, na mizigo ikiwa imepangwa kutoka sakafuni hadi darini, hawezi kuichukia mashine inayokubali kuingia humo badala yake. Tuliitamani. Tunachokilalamikia ni kazi iliyobaki baada ya roboti kuchukua sehemu yake, na kanuni mlizoziacha zilivyokuwa kana kwamba kazi hiyo haijabadilika.

1. Aina ya vifurushi tunavyopewa imebadilika, lakini kiwango cha kazi hakikubadilika.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na tunaomba mtuvumilie tulieleze kwa urefu, kwa sababu tunaamini kwamba kwenye ripoti mnazosomewa halionekani.

Roboti iliyofungwa kituoni ni mkono wenye vikombe vya mpira vinavyoshika mzigo kwa nguvu ya ombwe, yaani kwa kufyonza hewa. Juu yake zimewekwa kamera za rangi na kamera za kupima kina. Kompyuta hupokea picha, hutenganisha kifurushi kimoja na kingine, hutafuta upande ulio bapa, kisha huuelekeza mkono mahali pa kushika. Boksi la kahawia, kavu, lenye pembe kamili na lebo iliyonyooka, huchukuliwa bila shida hata kidogo. Lakini mfuko mweusi wa plastiki unaong'aa huutawanya mwanga ovyo, na kamera ya kina huona shimo mahali palipo na mzigo. Plastiki inayopenyeza mwanga karibu haionekani kabisa. Bahasha laini mbili zilizolaliana husomwa kuwa moja. Gunia halina upande bapa, na kitambaa chake hupitisha hewa, kwa hiyo vikombe havishiki. Boksi lililonyeshewa huachia ganda la juu likabaki kwenye kikombe huku mzigo ukianguka. Tairi, zulia lililokunjwa, ndoo ya rangi, mfuko mkubwa wa chakula cha mbwa, vyuma vya mazoezi vilivyofungwa kwenye boksi dogo lililokwisha kuchoka: vyote hivyo hukataliwa na mashine na kuletwa kwetu.

Haya si siri ya kituo chetu. Wenye taaluma hii wameyajua kwa miaka mingi. Mwaka 2012 Amazon iliinunua kampuni ya Kiva Systems kwa dola milioni 775, na roboti za Kiva zilikuwa za kubeba rafu nzima kutoka sehemu moja ya ghala hadi nyingine. Kukinyanyua kitu kimojakimoja kutoka kwenye rafu kuliachiwa mkono wa mtu kwa sababu mashine haikuweza kukiona na kukishika vizuri. Mwaka 2015 kampuni hiyo iliandaa shindano mjini Seattle ili vyuo na maabara vijaribu kutatua jambo hilo, na timu ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin ikashinda. Shindano likarudiwa Leipzig mwaka 2016, ambako timu ya Delft, Uholanzi, ilishinda, na Nagoya mwaka 2017, ambako ushindi ulikwenda kwa Waaustralia. Watafiti wa kiwango hicho walikuwa wakihangaika na vitu vya kawaida vya dukani, hasa vilivyofungwa kwa plastiki inayong'aa au vinavyopenyeza mwanga. Mei 2025 Amazon ilipoitambulisha roboti yake ya Vulcan, yenye uwezo wa kuhisi mguso, ilieleza kwamba inaweza kushughulikia takriban asilimia 75 ya aina za bidhaa zilizomo ghalani, na kwamba inapoona haiwezi humwomba mtu msaada. Nayo roboti ya Stretch ya Boston Dynamics, iliyotangazwa mwaka 2021 kwa kazi ya kushusha matrela, imeundwa kwa ajili ya maboksi yasiyozidi paundi 50, yaani takriban kilo 23. Watengenezaji wenyewe, basi, husema wazi mahali ambapo mashine yao inakoma. Hapo inapokoma ndipo tunaposimama sisi.

Sasa tazameni hesabu inavyotuangukia. Zamani, saa moja kwenye mkanda ilikuwa na mchanganyiko: boksi la viatu, bahasha, gunia, boksi la vitabu, bahasha tena. Kiwango cha vifurushi kwa saa kilipangwa kutokana na mchanganyiko huo, na kifurushi chepesi kilikuwa ndicho pumziko letu, kwani ndicho kilichotupa nafasi ya kunyoosha mgongo kabla ya kizito kinachofuata. Leo vyepesi vimekwenda kwa roboti. Kinachotufikia ni kizito, chenye umbo lisiloshikika, kilichochanika au kisicho na lebo inayosomeka, na kila kimoja kinahitaji kugeuzwa, kutafutiwa anwani, pengine kufungwa upya kwa gundi. Hata hivyo skrini iliyo juu ya vichwa vyetu inadai idadi ileile kwa saa ileile, na anayebaki nyuma huandikiwa onyo.

Taasisi ya taifa ya usalama na afya kazini, NIOSH, ina kanuni yake ya kukokotoa uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua bila hatari. Kanuni hiyo, iliyorekebishwa mwaka 1991, huanzia kilo 23, lakini hizo ni kwa hali iliyo bora kabisa: mzigo ulio karibu na mwili, kwenye kimo cha kiuno, wenye mahali pazuri pa kushika, usionyanyuliwa mara kwa mara. Kisha uzito hupunguzwa kadiri mzigo unavyokuwa mbali na mwili, unavyotoka chini sakafuni, unavyomlazimu mtu kugeuza kiwiliwili, unavyokosa vishikio, na unavyorudiwa ndani ya dakika. Chukueni gunia linaloteleza, lililo sakafuni mwa mkanda wa chini, likifuatwa na lingine papo hapo, mtaona kwamba kila kipengele cha kanuni hiyo kinapunguza uzito unaofaa, ilhali kwenye mfumo wenu gunia hilo ni kifurushi kimoja, sawa na bahasha ya karatasi.

2. Kosa la mashine huandikwa kwa jina la mtu.

Mkono ukidondosha boksi likapasuka, boksi hilo huelekezwa kwenye mkanda wa matatizo, na mtu wa kwanza kulielekezea skana ndiye ambaye namba yake ya kazi huambatanishwa na taarifa ya uharibifu. Mkono ukichukua bahasha mbili kwa pamoja na kompyuta ikaiona moja, ile ya pili husafiri bila kusomwa hadi itakapofika mahali pasipo pake, na huhesabiwa kuwa imepotea kwenye zamu yetu. Wenzetu wameonywa kwa maandishi kwa sababu ya mizigo iliyowafikia ikiwa imekwisha kuharibika.

Kinachotuuma ni kwamba ushahidi upo. Kamera za roboti hupiga picha ya kila kifurushi kabla ya kukishika na baada ya kukiachia. Picha hizo zingemaliza ubishi kwa dakika chache, lakini mfanyakazi anapoomba zitazamwe huambiwa kwamba ni mali ya kampuni iliyouza mashine. Picha zinazoweza kutumika kuboresha mashine zinapaswa pia kutumika kumwondolea mtu lawama isiyo yake.

3. Usalama wa wale wanaoingia ndani ya uzio.

Vifurushi vinapokwama ndani ya eneo la roboti, mtu huingia kuvitoa. Kanuni ya shirikisho ya kufunga chanzo cha nishati na kuweka kufuli kabla ya kuigusa mashine imekuwapo tangu mwaka 1989, na si umeme peke yake unaohusika, kwani kwenye mkono wa aina hii hewa iliyoshindiliwa na uzito wa mkono wenyewe pia huweza kumjeruhi mtu baada ya umeme kukatwa. Kituoni kwetu kufuli zipo na maelezo yapo ukutani, yote kwa Kiingereza. Mafunzo yalikuwa ni video ya Kiingereza na karatasi ya kutia saini. Mamlaka ya usalama kazini, OSHA, ilieleza tangu mwaka 2010 kwamba mafunzo yanayotakiwa na kanuni zake lazima yatolewe kwa lugha na maneno ambayo mfanyakazi anayaelewa. Saini ya mtu ambaye hakuelewa alichokitia saini haiwezi kuwa ushahidi kwamba amefundishwa.

Zaidi ya hayo, muda wa kukwamua mzigo huhesabiwa kuwa muda wa kutofanya kazi. Anayefuata hatua zote za kufunga kufuli hupungukiwa na kiwango, na anayeziruka hukifikia. Hatudhani kwamba kuna mtu aliyekaa akapanga iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo, na mtu akiumia ndani ya uzio ule haitakuwa ajali isiyotarajiwa, kwa sababu tumekwisha kuwaeleza.

4. Kamera za kuona vifurushi zimeanza kutuona sisi, na kazi yetu ya kuifundisha mashine haijulikani.

Tulipoelezwa juu ya kamera kwa mara ya kwanza, tuliambiwa ni za kusoma lebo na kupima ukubwa wa mizigo. Baadaye wasimamizi walianza kutuonyesha muda tuliotumia tukiwa nje ya sehemu zetu, na muda huo ulitokana na kamera zilezile. Hatukupewa maandishi yoyote kuhusu kinachorekodiwa, kinahifadhiwa kwa muda gani na nani anakiona. Jimbo la Illinois lina sheria tangu mwaka 2008 inayomlazimu mwajiri apate ridhaa ya maandishi kabla ya kukusanya alama za vidole au vipimo vya uso wa mtu. Hata pale ambapo sheria ya namna hiyo haipo, uungwana wa kumwambia mtu kwamba anatazamwa, na kwa sababu gani, hauhitaji kulazimishwa na bunge.

Kuna jambo jingine ambalo tunahisi halijawafikia kabisa. Mashine inaposhindwa kuelewa picha, huituma kwenye skrini, na mmoja wetu hukaa pale akibainisha: huu ni ukingo wa boksi, hii ni lebo, hapa ni vifurushi viwili wala si kimoja. Tunaelewa kwamba majibu hayo hurudishwa kwenye programu ili safari ijayo ipunguze makosa. Ndivyo mifumo ya akili mnemba inayotambua picha inavyojifunza: kwa mifano mingi iliyowekewa alama na watu. Kwa maneno mengine, ujuzi tulioupata kwa mikono yetu, wa kujua kwa kutazama tu kwamba boksi hili limelowa chini au mfuko ule umebeba chupa, unahamishiwa kwenye mashine, na wanaouhamisha wanalipwa kwa daraja la mshusha mizigo wa kawaida, bila cheo, bila cheti, bila hata jina la kazi hiyo kwenye hati zao za malipo. Mtu akiomba kazi kwingine, hawezi kuthibitisha kwamba amewahi kuifanya.

5. Saa zimepungua na njia ya kupanda imefungwa.

Tuliahidiwa kwamba hakuna atakayeachishwa kazi kwa sababu ya roboti. Ni kweli kwamba barua za kuachishwa hazikuletwa. Lakini saa za baadhi ya wenzetu zimepunguzwa hadi wamekosa sifa ya kupata bima ya afya, na wengine wakahamishiwa zamu ambazo hakuna basi. Nafasi za mafundi wa roboti zilitangazwa, nazo zina sharti la mtihani wa maandishi wa Kiingereza ambao humwondoa hata yule ambaye wasimamizi humwita kila mashine inapogoma.

Waheshimiwa, tunajua baadhi ya majibu mtakayopewa na washauri wenu, kwa sababu sisi tumekwisha kupewa.

Mtaambiwa kwamba roboti hupunguza majeraha. Inaweza kuyapunguza, na tunataka iyapunguze. Lakini matokeo hutegemea kiwango mnachokiweka baada ya kuileta. Septemba 2020 shirika la habari za uchunguzi la Reveal lilichapisha takwimu za ndani za Amazon za mwaka 2016 hadi 2019, na zikaonyesha kwamba majeraha makubwa yalikuwa mengi kwa zaidi ya asilimia 50 katika maghala yenye roboti kuliko yale yasiyo nazo. Kampuni hiyo ilipinga namna takwimu hizo zilivyotafsiriwa. Hata hivyo maelezo ya sababu yake sisi tunayatambua kutokana na miili yetu: roboti ilipoanza kumletea mtu rafu mahali aliposimama, hakutembea tena, na matarajio yakapanda kutoka kama bidhaa 100 kwa saa hadi kufikia 400. Hatua alizopunguziwa miguuni zikarudi kwake kama uzito mabegani.

Mtaambiwa pia kwamba kiwango ni wastani wa kituo kizima, hivyo kinajisawazisha chenyewe. Wastani wa kituo kizima unachanganya vifurushi vya roboti na vyetu. Mtenge mikanda yetu peke yake, mpime uzito na aina ya vinavyopita hapo, ndipo mlinganishe na mwaka uliotangulia kufungwa kwa mashine. Tuko tayari kuyakubali matokeo ya kipimo hicho iwapo kitafanywa mbele ya wawakilishi wetu.

Kuhusu siri za biashara za muuzaji, hatuombi kuonyeshwa programu wala namna ilivyoandikwa. Tunaomba orodha ya vifurushi vilivyokataliwa na mashine kwa kila zamu, pamoja na uzito na sababu ya kukataliwa. Taarifa hizo zipo kwenye skrini tunazozitumia kila usiku.

Na kuhusu ushindani, yaani kwamba kampuni nyingine zote zinafanya hivyo na ninyi hamwezi kubaki nyuma: ni kweli kwamba zinafanya. Januari 2022 DHL ilitangaza mkataba wa dola milioni 15 na Boston Dynamics kwa ajili ya maghala yake ya Amerika Kaskazini, na katikati ya mwaka 2025 Amazon ilitangaza kwamba imefikisha roboti milioni moja. Lakini kuna namna zaidi ya moja ya kuingia kwenye jambo hili. Makuli wa bandari za pwani ya mashariki na Ghuba ya Mexico waligoma kwa siku tatu Oktoba 2024, na suala la mashine likajadiliwa mezani hadi likaingizwa kwenye mkataba wa miaka sita ulioidhinishwa Februari 2025. Huko Minnesota, majirani zetu Wasomali waliokuwa wakifanya kazi kwenye maghala ya Shakopee walianza kuandamana mwaka 2018 kuhusu kasi ya kazi, na jimbo likapitisha sheria iliyoanza kutumika Agosti 2023, inayomtaka mwajiri wa ghala kubwa amweleze mfanyakazi kiwango chake kwa maandishi, kwa lugha anayoitaka mfanyakazi huyo, na inayokataza kumwadhibu kwa kiwango ambacho hakuelezwa. California ilikwisha kuwa na sheria ya viwango vya maghala tangu Januari 2022. Maghala ya majimbo hayo yanaendelea kupokea na kutuma mizigo kila siku.

Tunayoomba ni haya.

Kiwango cha kazi kwenye mikanda inayopokea mizigo iliyokataliwa na roboti kisimamishwe mara moja kuwa msingi wa maonyo, hadi kitakapopangwa upya kwa kuzingatia uzito, umbo na hali ya vifurushi, kwa kutumia kanuni ya NIOSH na si idadi peke yake. Maonyo yaliyotolewa tangu roboti ilipoanza kazi, yanayotokana na kiwango hicho au na mizigo iliyoharibika kabla ya kutufikia, yapitiwe upya, na picha za mashine zitumike katika mapitio hayo. Kwa mizigo isiyofaa kunyanyuliwa na mtu mmoja, pawekwe meza za kuinuka na vifaa vya kunyanyulia vya ombwe vinavyoongozwa kwa mkono, ambavyo si ghali kama roboti na vimetumika viwandani kwa miaka mingi.

Mafunzo ya kufunga kufuli yarudiwe kwa vitendo, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za wafanyakazi, mbele ya mashine yenyewe, na muda wa kukwamua mzigo usihesabiwe kuwa muda wa kutofanya kazi. Hili tunaomba lisisubiri mengine.

Tupewe tamko la maandishi kuhusu kamera: zinarekodi nini, kwa muda gani, na kwa matumizi yapi. Kazi ya kuisaidia mashine kwenye skrini ipewe jina, daraja la malipo linaloifaa na cheti. Nafasi za mafundi zifunguliwe kwa wale wanaozijua mashine, kwa mtihani wa vitendo na masomo ya Kiingereza cha ufundi ndani ya saa za kazi. Na kabla ya kufungwa kwa mashine nyingine yoyote, wafanyakazi wapewe taarifa ya siku 60. Huo ndio muda ambao sheria ya shirikisho ya mwaka 1988 humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi autoe kabla ya kuwaachisha kazi watu wengi kwa pamoja. Tunaona kwamba mabadiliko yanayopunguza saa za mtu hadi akapoteza bima yanastahili heshima hiyohiyo.

Tunaomba majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 30, na kikao ndani ya kituo, wakati wa zamu ya usiku, chenye mkalimani aliyepo ana kwa ana. Tunapendekeza kikao hicho kianzie kwenye mkanda wa matatizo, saa ambayo matrela ya kusini huwa yamekwisha kufika, ili mjumbe wa Bodi ajionee ni vifurushi gani vinavyobaki roboti inapomaliza kuchagua. Wawakilishi wetu watatu wako tayari, na majina yao yatakabidhiwa kwa Meneja wa Kituo tutakapopokea uthibitisho wa maandishi kwamba hawatachukuliwa hatua yoyote kwa sababu ya barua hii.

Kwa heshima na taadhima,

Wafanyakazi wa zamu ya usiku wanaozungumza Kiswahili,
Idara ya kushusha na kupanga vifurushi, Ohio